Udongo wa Kalumbu

Ufa ulianzia chini ya dirisha la wodi ya wazazi, ukapanda kwa mshazari mpaka darini, na mtu alikuwa ameuandikia tarehe kwa penseli kila mahali ulipofikia. Skolastika Kasonso alivaa miwani akazisoma tarehe hizo moja moja, kuanzia chini. Ufa ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulipanda upana wa kidole kwa mwezi. Tangu masika yaliyopita ulikuwa ukipanda shubiri nzima.

"Nani anayeandika?" aliuliza.

"Muuguzi wa zamu," Desderi alisema. "Mwanzo nilimkataza. Baadaye nikagundua vipimo vyake ni vizuri kuliko vya kituo changu, nikamletea penseli nyingine."

Kwenye kitanda cha karibu, mama mmoja alikuwa akimnyonyesha mtoto wa siku mbili. Aliwatazama, akauliza kama ukuta utaanguka. Desderi, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha gesi na kwa hiyo mtu mzito kuliko wote pale mjini, alimjibu kwamba hautaanguka. Mama yule hakuridhika. Akamgeukia Skolastika mwenye mvi.

"Leo hauanguki, mwanangu," Skolastika alimwambia, kisha akatoka nje upesi, maana hakuwa na la kusema juu ya kesho.

Nje, jua la saa nne lilikuwa limeshaanza kuuma. Alisimama uwanjani akautazama mji wa Solwe, na hakuutambua. Miaka ishirini na minane iliyopita, alipoliaga bonde hili la Rukwa, hapa palikuwa na nyasi, mahema sita na mnara mmoja wa kuchimbia. Sasa walikuwa watu elfu arobaini, wenye mitaa iliyopewa majina, soko, shule na stendi. Upande wa magharibi, Lyamba lya Mfipa lilikuwa limesimama vilevile, ukuta wa mlima wa kibuluu ambao utotoni alidhani ndio mwisho wa dunia. Ila upande wa mashariki kulikuwa na kitu kipya: tuta refu la udongo, na nyuma ya tuta, juu kidogo kuliko paa za nyumba za mtaa wa mwisho, maji ya ziwa yalikuwa yakimetameta.

"Ziwa limepanda hivyo?" aliuliza.

"Ziwa limepanda kidogo, Mwalimu," Desderi alisema. Alikuwa mwanafunzi wake wa chuo zamani, na ingawa sasa kichwa chake kilikuwa na upara, bado alizungumza naye huku amekunja mikono nyuma. "Sisi ndio tumeshuka. Mita moja na nusu, na zaidi. Ndiyo maana nimekuita."

Ilibidi amwite. Nchi ilikuwa na sheria moja ambayo wageni waliishangaa: kila kielelezo cha ardhi, yaani hesabu ya mashine inayobashiri ardhi itakavyokwenda, ambacho maisha ya watu yanakitegemea, lazima kiwe na mdhamini, mtu wa nyama na damu, mwenye jina na makazi. Mashine haiwezi kuitwa barazani ikajibu, mtu anaweza. Kielelezo cha bonde hili kilijengwa na Skolastika. Ndicho kilichosema, wakati ule, kwamba gesi ya heli na maji yake ya chumvi vinaweza kuvutwa kutoka kwenye mchanga wa kilindini kwa miaka hamsini, na ardhi ya juu ikashuka shubiri moja tu. Mji ulijengwa juu ya shubiri hiyo. Bila sahihi yake, hakuna mtu aliyeruhusiwa kubadilisha mwendo wa pampu hata moja.

*

Chumba cha kina kilikuwa chini ya kituo, ngazi thelathini kwenda chini, chenye ubaridi kama wa kanisa asubuhi. Sakafu yake ilikuwa ya kioo. Desderi alipokigusa kishikwambi chake, bonde zima lilijaa chumbani kwa mwanga, kuanzia sakafuni mpaka vifuani mwao: chini mchanga wa kale, rangi ya tangawizi; juu yake tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, kijivu; kisha mchanga mwingine, kisha tope la ziwa; na juu kabisa, jembamba kama ganda la kitunguu, tabaka ambalo watu walilijengea, wakalilima, wakazikana ndani yake.

Haikuwa picha tu. Ndani ya visima vya kituo, pamoja na maji, zilikuwa zimesukumwa punje za kupimia, ndogo kama za ulezi, mamilioni kwa mamilioni. Zilijipenyeza katikati ya chembe za mchanga na kukaa humo, kila moja ikieleza imebanwa kiasi gani na nini kinaibana. Enzi za Skolastika punje hizo hazikuwapo. Yeye alijenga kielelezo chake kwa sampuli arobaini za udongo, kalamu, na mashine moja iliyounguruma usiku na mchana ndani ya hema.

"Nianze nyuma au mbele, Mwalimu?"

"Nyuma," alisema, kabla hajafikiri.

Desderi akalirudisha bonde. Tabaka la juu likavuliwa, na lile la chini yake, likiwa limetuliwa mzigo, likavimba taratibu, kama godoro ambalo mtu ameinuka. Likavuliwa na hilo, likavimba la chini. Mito ilirudi kwenye njia zake za zamani. Maziwa yalijaa na kukauka.

"Umezidisha," Skolastika alimwambia. "Rudi kwenye miaka ya watu. Nataka nilipokuwa na miaka tisa."

Bonde likajijenga upya, tabaka juu ya tabaka, na kusimama. Hakukuwa na Solwe. Kulikuwa na nyasi, vijia, na upande wa kusini, vibanda vilivyojikusanya kuzunguka doa jeupe. Aliinama mpaka magoti yakalia. Kalumbu. Doa jeupe lilikuwa chemchemi ya maji ya chumvi, na vile vilima vidogo pembeni yake vilikuwa marundo ya udongo uliokwisha kuchujwa, ya mama yake, ya bibi yake, ya wanawake waliokufa kabla mtu yeyote hajajua kuandika majina yao. Kijito kilipita nyuma ya kilima cha tatu, mahali pale hasa alipopakumbuka. Alikuwa amekisahau kijito kile. Kilikauka kabla hajamaliza shule, na kwa miaka mingi alifikiri labda alikiota tu.

Desderi alikohoa kwa adabu.

"Haya," Skolastika alisema, akijiinua kwa kushika ukuta. "Nipeleke mbele."

Mbele hakukuwa kuzuri. Maji yalipovutwa kutoka kwenye mchanga wa kilindini, mchanga ulipoteza msukumo wake, na udongo wa kijivu uliokuwa juu yake ukaanza kumwaga maji yake humo. Ilikuwa kama gunia la mihogo iliyokunwa na kuwekewa mawe juu: maji hutoka polepole, siku baada ya siku, na gunia hubaki likipungua hata baada ya watu kwenda kulala. Tatizo la udongo ni hilo. Kituo kingefunga pampu zote leo, bado ungeendelea kujikamua kwa miaka thelathini. Katika kielelezo, Solwe ilizama taratibu kama mtu anayekaa kitini. Mwezi wa kumi na moja kuanzia leo, maji yalipita juu ya tuta.

"Dawa ipo," Desderi alisema. "Tunasukuma maji kurudi chini, kwa nguvu. Mchanga unajaa, udongo unaacha kujikamua. Mji unasimama hapohapo ulipo, pengine unapanda kidogo."

"Na mpasuko wa Kalumbu?"

Desderi alikionyesha kielelezo kwa kidole. Upande wa kusini, mstari mweusi ulikata matabaka yote kutoka chini hadi juu: mahali ambapo zamani za kale ardhi ilikatika na pande mbili zikasuguana. Chemchemi ya chumvi ilipanda kupitia humo. Maji ya kusukumwa yalipofika kwenye mstari ule, pande mbili zilizokuwa zimebanana kwa uzito zililegea. Upande mmoja ukateleza. Kalumbu ilishuka mita mbili kwa dakika moja, na doa jeupe likazimika.

"Mara ngapi?" Skolastika aliuliza.

"Saba kwa kumi. Nimekiendesha mara elfu kumi, ni saba. Kaya sitini na tatu." Akateremsha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Sheria inasema watu wahamishwe kwa amri kielelezo kikifika tisa. Chini ya tisa, wanaamua wao wenyewe kwenye mkutano wao. Nimeshawaendea mara mbili, Mwalimu. Wamenipa chumvi, wakanisindikiza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ugumu wa udongo. Vipimo vinatupa nafasi ya kuchagua. Tukiupunguza kwa asilimia nne, bado tuko ndani ya vipimo, na kinasema tisa. Malori yanakuja, watu wanatoka, hakuna anayekufa. Wewe ndiye mdhamini. Ukisema ugumu ni huo, ni huo."

Skolastika alisogea akasimama juu ya mstari mweusi.

"Desderi," alisema, "unajua kwa nini shubiri moja imekuwa mita moja na nusu?"

"Sampuli zilikuwa chache. Wote tunajua. Hakuna anayekulaumu."

"Zilikuwa arobaini na moja. Sampuli ya tisa ilikuwa laini kuliko zote. Ningeiingiza, kielelezo kingesema mita moja na zaidi, na serikali isingetoa kibali. Niliandika kwamba imeharibika njiani." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge, ingawa ilikuwa safi. "Haikuharibika. Niliibeba mwenyewe mapajani."

*

Kalumbu ilikuwa nusu saa kwa gari. Moshi uliwapokea kabla ya nyumba, moshi ule mzito wenye ukakasi kidogo, na Skolastika akamwambia dereva asimame, akatembea hatua mia za mwisho kwa miguu.

Ulikuwa msimu wa chumvi. Wanawake walikuwa wamekwangua udongo mweupe kuzunguka chemchemi na kuujaza kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, vilivyotandikwa nyasi. Walimimina maji ya chemchemi juu yake, na maji yaliyochujika, mazito na yenye chumvi kali, yalichemka kwenye vyungu vipana juu ya mfululizo wa meko kumi na mawili. Kwenye meko ya mwisho aliketi Gaudensia, binti wa mama yake mdogo, mkubwa wake kwa miaka miwili, macho mekundu kwa moshi.

"Skola," alisema, bila kusimama. "Umezeeka."

"Na wewe, dada."

"Mimi nimekaushwa na moshi. Siozi." Akamsogezea kigoda na mwiko. "Koroga hicho. Kikishika chini nitakusema mbele za watu."

Skolastika alikoroga. Mkono ulikumbuka wenyewe: taratibu ukingoni, haraka katikati. Walizungumza juu ya waliokufa, kisha juu ya walioolewa, kisha juu ya siku ile walipobadilisha chumvi ya mama kwa karanga na kuzimaliza karanga zote nyuma ya kilima, wakarudi nyumbani na matumbo yanayouma na hadithi ya mbuzi aliyemwaga chungu.

"Mama aliijua ile hadithi kuwa uongo," Gaudensia alisema. "Mbuzi wote walikuwa machungani."

"Kwa nini hakutupiga?"

"Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini."

Skolastika naye alicheka. Halafu hakuweza kuendelea kuahirisha. Alimweleza yote: maji ya kusukumwa, mpasuko, saba kwa kumi, na lile pendekezo la tisa. Mwisho akamweleza habari ya sampuli. Gaudensia aliendelea kukwangua chumvi kwenye chungu kilichokauka, akiirundika kwenye jani.

"Ilitoka wapi hiyo ya tisa?"

"Hapa. Kisima kile nyuma ya kanisa."

"Kwa hiyo udongo wetu ulisema ukweli, na wewe ukaufumba mdomo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka hospitali. Hakuna mtu angetujengea hospitali bondeni huku bila gesi. Unakumbuka Perpetua tulivyombeba kwenye machela kuupanda mlima, na mtoto..."

"Usimtaje Perpetua."

"Dada..."

"Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Usimbebeshe mzigo wako. Amekufa, hawezi kukataa."

Maji yalichemka. Mwanamke wa meko ya jirani aliwatazama, akageuza uso. Skolastika aliendelea kukoroga kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi.

Baada ya muda Gaudensia alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo kijana wako akiandika tisa, askari watakuja?"

"Watakuja na malori. Siku kumi mtakuwa mmetoka."

"Na ukiacha saba?"

"Mtaamua wenyewe. Mkikataa, na mimi nikakataa kutia sahihi, Solwe itaingia maji. Nikitia sahihi nanyi mko hapa..." Hakumaliza.

"Ingekuwa wewe?"

"Ningehama."

"Wewe ulihama zamani," Gaudensia alisema. "Si vigumu kwako." Akaifunga chumvi ndani ya jani, akaikaza kwa kamba ya mgomba. "Sitaki kuambiwa saba. Saba ni neno tu. Nataka kuziona hizo kumi."

*

Walikuja siku ya tatu, kwa mabasi matatu ya kituo, watu wazima wa Kalumbu wote walioweza kutembea. Desderi alipinga mpaka ngazini. Alisema watu wa kawaida hawajafunzwa kusoma kielelezo, watatishika, au watashikilia ile moja inayowapendeza.

"Mimi nilifunzwa," Skolastika alimjibu, "na nilishikilia iliyonipendeza."

Walisimama kuzunguka kuta, viatu wameviacha juu kwa heshima ambayo hakuna aliyewaomba. Skolastika aliwaonyesha kwanza Kalumbu ya zamani. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Ila alipoona nyuso zao zimekaza, aliwarudisha nyuma miaka hamsini, na chumba kikajaa minong'ono. Mtu aliona mti wa baba yake. Mwenyekiti wa kitongoji, Anselmi Kifunda, mtu mrefu mwenye sauti ya bati, alichuchumaa pembeni mwa kijito akakitazama, na alipoinuka alikuwa anapangusa pua.

"Sasa sikilizeni," Skolastika alisema. "Kuna mambo chini ya ardhi tunayajua, na mengine hatuyajui. Hatujui kila pahali udongo ni mgumu kiasi gani, wala mpasuko umejishika vipi. Kwa hiyo kielelezo kinabahatisha yale tusiyoyajua, kinaendesha miaka ishirini, tunaona. Kisha kinabahatisha upya. Nitakiendesha mara kumi mbele yenu. Sijakiendesha kabla. Sijui zipi zitatoka."

Mara ya kwanza Kalumbu ilibaki. Miaka ishirini ikapita juu yake kwa pumzi kumi, nguzo za moshi zikisimama kama kawaida, na watu wakapiga makofi. Mara ya pili ilianguka mwaka wa nne. Hakuna aliyepiga kelele. Palisikika tu hewa ikiingia vifuani. Ya tatu, ikaanguka mwaka wa kwanza. Ya nne, mwaka wa kumi na tisa, wakati walipokuwa wameshaanza kutabasamu. Gaudensia alikuwa akikunja kidole kwa kila iliyoanguka. Ya tano ilibaki. Ya sita, ya saba, ya nane, zikaanguka, na ya nane ilianguka kwa namna mbaya, si moja kwa moja bali kwa mikupuo, kama mtu anayeteleza na kujaribu kushika kitu. Ya tisa ilianguka.

Ya kumi ilibaki. Bonde likasimama mbele yao lenye amani, Kalumbu imekaa mahali pake, doa jeupe katikati.

"Mbili zaidi zingebaki ningefurahi," Anselmi alisema, na hakuna aliyecheka.

Gaudensia alivitazama vidole vyake. "Nimepata saba," alisema.

Mkutano ulichukua siku mbili, uwanjani mbele ya kanisa lao. Skolastika hakualikwa, akakaa garini. Siku ya pili jioni Gaudensia alitoka akaja dirishani.

"Tumepiga kura. Tutahama chini ya mlima, wote, hata waliokataa. Nyumba zisivunjwe. Makaburi yasiguswe."

"Asante, dada."

"Bado. Mimi nina langu. Andika sampuli ya tisa. Kwa jina lako, barazani, si kwangu karibu na meko."

Skolastika alitia sahihi kibali siku kaya ya mwisho ilipoondoka, na kielelezo kikabaki na saba yake. Mchana huohuo aliandika maelezo ya ukurasa mmoja na nusu. Desderi aliyasoma amesimama. Aliporudisha karatasi, hakumwita Mwalimu. Alimwita Mama, kama anavyoitwa mtu yeyote wa umri ule.

*

Baraza lilimwondolea udhamini kabla ya mvua. Jina lake lilifutwa kwenye kielelezo, na la Desderi likawekwa. Wengi walidhani atarudi Morogoro, alikokuwa na nyumba na kuku. Alipanga chumba Solwe, nyuma ya hospitali, na kila Jumamosi alipanda gari la kijijini kwenda Kalumbu Mpya, ambako watu walikuwa wakijifunza kulima ardhi isiyo na chumvi.

Mwaka ulipita, na miezi minne juu yake. Maji yalisukumwa chini mchana na usiku. Solwe ilisimama. Muuguzi wa zamu hakuwa ameandika tarehe mpya ukutani kwa miezi saba.

Kalumbu ya zamani nayo ilisimama.

Hilo ndilo ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo. Kutoka kijiji kipya, asubuhi isiyo na ukungu, waliziona paa zao kule bondeni, nzima, zikingojea. Wengine walianza kwenda mchana kuchukua walichokiacha: bati, madirisha, mawe ya kusagia. Desderi aliruhusu, watu wawili wawili, saa moja tu.

Jumamosi moja Gaudensia alimwambia Skolastika amsindikize. Alitaka mlango wake.

Walikuta majani yameota kwenye meko. Chemchemi ilikuwa bado inatoka, nyeupe kuizunguka kuliko walivyowahi kuiona, kwa kuwa hapakuwa na wa kukwangua. Gaudensia hakuisogelea. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, akatoa bisibisi mfukoni mwa sweta, akaanza kufungua bawaba. Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, kazi ya marehemu mumewe. Skolastika aliushikilia usianguke.

"Skola."

"Naam."

"Tulihama bure?"

Angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema juu ya mama wa wodini na mtoto wake, juu ya watu elfu arobaini.

"Mpaka leo, ndiyo," alisema.

"Na kesho?"

"Kesho bado ni saba. Miaka kumi na minane na ushei imebaki. Pengine itabaki hivihivi mpaka tufe."

Gaudensia alifungua parafujo ya mwisho, akaitia mdomoni kama fundi, akaitoa.

"Ungesema tisa," alisema, "leo ningekuwa nakuchukia. Ningekaa kule chini ya mlima, niitazame nyumba yangu nzima, nikuchukie kwa raha zangu. Kila asubuhi, na chai." Akaigeuza parafujo kwenye kiganja. "Sasa nimchukie nani? Nilizihesabu mwenyewe kwa vidole vyangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka Skolastika na hakuweza kuyafuta, mikono yote ilikuwa kwenye mlango.

"Shika chini, si hapo katikati," Gaudensia alisema. "Utajivunja mgongo, halafu nikubebe na wewe."

Waliulaza mlango, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakautoa uani. Ilibidi wapumzike mara nne kabla ya kufika kwenye gari, na kila mara walikaa juu ya mlango wenyewe, bega kwa bega, wakihema. Walipoupandisha, dereva akawasha. Gaudensia aliketi mbele akafunga mkanda, macho barabarani. Skolastika ndiye aliyegeuka nyuma, akaitazama nyumba isiyo na mlango mpaka ilipofichwa na majani.